Tupeane uzoefu: waliowahi kuizunguka rasi kwa miguu wakiwa likizo

#1 (Mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Kuna watu wakifika pwani hutandika taulo mchangani na likizo yao imekamilika. Uzi huu ni wa wale ambao wakiona rasi imechomoza baharini hawatulii mpaka wafike kwenye ncha yake. Habari za kupanda milima zimeandikwa sana, lakini rasi ina mambo yake: bahari iko pande tatu, upepo hauna kizuizi, na mahali ulipopita asubuhi pengine jioni pako chini ya maji. Leteni mlikokwenda, mlichokiona, na jambo ambalo mngependa kuambiwa kabla ya kuondoka.

Naanza na Robberg, Afrika Kusini, jirani na mji wa Plettenberg Bay. Ni hifadhi, rasi nyembamba yenye urefu wa kilomita 4 hivi. Mizunguko iko mitatu: wa Gap, kilomita 2.1, wa Witsand, kilomita 5.5, na wa kufika ncha yenyewe, kilomita 9.2. Mimi na mke wangu tulichukua ule mrefu.

Kwenda unapita juu, upande wa kaskazini. Kabla hujawaona sili, wale wanyama wa baharini, utawasikia, na kabla ya kuwasikia utawanusa. Wamejazana kwenye miamba chini kabisa, wanagombana, wanajirusha majini, wanapanda tena. Mtu mmoja mwenye darubini akatuonyesha kivuli kirefu kikipita taratibu karibu nao: papa mweupe. Sili waliokuwa majini walijibana kwenye mwamba, na kile kivuli kikaendelea na njia yake bila haraka yoyote. Tulikaa pale mpaka wenzetu tuliokuja nao wakatuacha.

Kurudi ni upande wa kusini, na hapo rasi hubadilika. Unashuka hadi kwenye miamba iliyo karibu na maji, mawimbi yanapasuka mbele yako. Kuna vibao vinavyoonya kuhusu mawimbi makubwa ya ghafla, na naomba sana mviheshimu. Tulimkuta kijana amesimama ukingoni anapiga picha, mke wangu akamwita, akasogea. Kipimo changu ni hiki: siku ambayo mvua haijanyesha, mwamba uliolowa maana yake wimbi limeshafika hapo, na litafika tena.

Upande huohuo wa kusini kuna pango la Nelson Bay, ambamo watu waliishi zama za mawe. Enzi ya barafu bahari ilikuwa imerudi nyuma makumi ya kilomita, kwa hiyo aliyekaa mlangoni mwa pango alitazama mbuga yenye wanyama wa kula nyasi, pale ambapo leo ni mawimbi matupu. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya kwenda.

#2

Ahsante kwa uzi, mkuu. Mimi naleta Cape Point, hukohuko Afrika Kusini, ndani ya hifadhi ya Mlima Meza.

Wengi hupanda kwa kile kitreni mpaka juu, wanapiga picha, wanashuka. Ushauri wangu: pandeni kwa miguu, kisha muifuate njia inayoelekea ncha, hadi pale unapouona mnara wa taa wa chini. Hapo ndipo utaielewa ile rasi. Mnara wa kwanza uliwashwa mwaka 1860, ukajengwa juu kabisa, mita 238 kutoka usawa wa bahari. Ungedhani kadiri taa inavyokuwa juu ndivyo inavyofaa, kumbe huko juu ukungu na mawingu huifunika mara kwa mara, na mabaharia waliohitaji kuiona hawakuiona. Mwaka 1911 meli ya abiria ya Wareno, Lusitania (si ile ya Waingereza iliyozamishwa mwaka 1915), ikagonga mwamba wa Bellows uliopo mbele ya rasi. Ndipo ukajengwa mnara mwingine chini, mita 87 tu, ukaanza kazi mwaka 1919.

Siku tuliyokwenda ukungu ulitukuta juu. Mnara wa zamani ulipotea tukiwa karibu nao kabisa, tukashuka kidogo, na chini kukawa na jua safi na bahari inaonekana hadi mbali. Nilielewa kosa la wajenzi wale kwa macho yangu.

Mengine mawili. Nyani wa kule hawana aibu, mfuko wenye chakula watauchukua mkononi mwako, kwa hiyo kila kitu kifungwe ndani ya begi. Na msibebe ile habari kwamba bahari mbili zinakutana pale. Mpaka rasmi wa Atlantiki na Bahari ya Hindi upo Rasi ya Agulhas, ambayo ndiyo ncha ya kusini kabisa ya Afrika. Rasi ya Tumaini Jema, iliyo jirani na Cape Point ndani ya hifadhi hiyohiyo, ni ncha ya kusini magharibi.

#3

Wakuu, na sisi wenye hofu ya kimo? Nikitazama chini kwenye genge magoti yanalegea.

#4

Dada #3, mume wangu yuko hivyo na tumetembea rasi kadhaa pamoja. Yeye hupita upande wa bara, mimi upande wa bahari, na macho yake yapo hatua chache mbele, si chini. Tukifika penye mandhari anakaa kitako kwanza ndipo anatazama. Mwili ukishatua chini, kichwa nacho hutulia. Na njia ikibana sana tunageuka, hakuna anayemlaumu mwenzake.

#5

Baba yangu alikuwa mtu wa bahari, hivyo naomba niseme kuhusu maji, maana naona wengi huangalia hali ya hewa na kusahau kupwa na kujaa.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa kama saa 24 na dakika 50. Kwa hiyo yakipwa leo saa nne asubuhi, kesho yatapwa karibu saa tano. Usitegemee ratiba ya jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu kuna bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku za maji mafu tofauti huwa ndogo. Kama njia yako inapita ufukweni chini ya genge, anza wakati maji yanashuka, ili mabadiliko yakukute umeshapita. Anayeanza maji yakiwa yamepwa kabisa anadhani amechagua vizuri, kumbe kila hatua anayopiga bahari inamfuata.

Pia fahamuni kwa nini rasi hupigwa kuliko ghuba. Wimbi likikaribia pwani, sehemu iliyo kwenye maji machache hupunguza mwendo, wimbi linajipinda na kuikumbatia rasi, nguvu yake inakusanyika pale. Ndani ya ghuba nguvu hiyohiyo inatawanyika. Ndiyo maana ufukwe ulikoshukia kwenye gari unaweza kuwa shwari na kwenye ncha pakawa hapakaliki. Nguvu hiyo ndiyo inayochimba mapango chini ya genge, na majani unayokanyaga juu ukingoni huenda hayana kitu chini yake. Mimi siukaribii ukingo wa udongo hata kama kuna alama za viatu vya watu wengine.

Na habari ya kwamba wimbi la saba ndilo kubwa, achaneni nayo. Mawimbi kutoka sehemu mbalimbali hupandana bila mpango, wimbi kubwa huja wakati wowote. Kabla ya kushuka miambani, simama utazame bahari kwa dakika kumi na tano au zaidi.

#6

#5 umesema kweli tupu, hasa hilo la ghuba kudanganya.

Langu ni la furaha tu. Nilimpeleka mama Cape Byron, ncha ya mashariki kabisa ya bara la Australia. Mzunguko ni kilomita 3.7, unapita msituni, ufukweni, kisha ngazi hadi mnara wa taa wa mwaka 1901. Ngazi zipo za kutosha, tulipumzika kila alipotaka. Kuanzia Juni hadi Novemba nyangumi wenye nundu hupita karibu na pwani ile, kwanza wakielekea kaskazini, baadaye wakirudi na watoto wao. Mama ndiye aliyeona pumzi ya kwanza ikiruka juu ya maji, akapiga kelele watu wote wakageuka. Nyangumi na mtoto wake! Alikataa kuondoka, na mimi sikumhimiza.

#7

Nyongeza kuhusu upepo. Ukienda ukisukumwa mgongoni utaona umbali ni mdogo, halafu kurudi unaupokea usoni ukiwa umechoka. Ningependa kuanza kwa kupambana nao. Tena ule ubaridi wake hukufanya usihisi ukali wa jua, unaungua bila kuhisi. Kofia iwe na kamba, na maji ya kunywa yatoke na wewe, kwenye ncha hakuna.

#8

#1, tuna mtoto wa miaka saba na tunafikiria Robberg. Anaweza?

#9 (Mwanzisha mada)

#8, mzunguko wa Gap anaumudu. Wa Witsand una mteremko wa mchanga ambao watoto huupenda mno, lakini kabla yake kuna sehemu za juu zisizo na uzio, hapo mshike mkono muda wote. Ule wa ncha usubiri akue. Angalieni saa ya kupwa kwa siku mtakayokwenda, na mkirudi mje mtuambie hapa kama sili bado wako wengi upande ule wa kaskazini.