Mrejesho: kutofautisha シ na ツ, ン na ソ

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza namna ya kutenganisha herufi za Kijapani za katakana (seti ya herufi za sauti), yaani シ (shi) na ツ (tsu), pamoja na ン (n) na ソ (so). Asanteni sana mlionijibu.

Kilichosaidia ni kuziandika kwa mkono nikifuata mwelekeo wa kalamu. Kwenye シ vistari viwili vifupi vinapangana juu na chini upande wa kushoto, na mstari mrefu unaanzia chini kushoto kupanda kulia. Kwenye ツ vistari vinakaa ubavu kwa ubavu, vichwa vikiwa usawa mmoja, na mstari mrefu unashuka kutoka juu kulia. ン inafuata シ, ソ inafuata ツ, ila kistari ni kimoja tu. Aliyeshauri kulinganisha na hiragana (seti nyingine ya herufi za sauti za Kijapani) abarikiwe: し inamalizikia kwa kupanda, つ inaanzia juu na kumalizikia chini.

Mazoezi bora ni シャツ (shati) na パソコン (kompyuta), maana kila neno lina pacha wote wawili. Kadi za herufi mojamoja hazikufua dafu.

Bado mwandiko wa haraka na fonti za mabango vinasumbua, kwa sababu mistari yote hulala karibu sawa. Hapo nasoma neno zima. Vivyo hivyo ロ (ro) na kanji (herufi ya Kijapani inayobeba maana) 口 (mdomo): herufi za jirani ndizo hutoa jibu. Ila kanji 未 na 末 zimekubali: mstari wa juu ukiwa mfupi ni "bado", ukiwa mrefu ni "mwisho".