Programu ya hisabati kwa kijana wa humanite (sekondari ya juu) anayesomea nyumbani, Lubumbashi

Mama wa Bel-Air

Wazazi na walimu, salamu kwenu. Binti yangu ana miaka 15 na amemaliza mwaka wa 8 wa elimu ya msingi. Kwa sababu ya seli mundu, ugonjwa ule tunaouita SS, ambao humlaza hospitalini mara kwa mara, tumeamua aendelee na masomo akiwa nyumbani. Kifaransa, historia na biolojia tunazimudu, mimi na dada yake mkubwa. Hisabati ndiyo inayonitatiza, na si kwamba vitabu vimekosekana, bali vipo vingi visivyopatana: jirani anasisitiza programu ya taifa, shemeji yangu aliyeko Ndola anataka kuniletea vitabu vya Zambia, rafiki wa kanisani anasifu kozi ya Kimarekani wanayosoma watoto wake, na mwingine ananiambia nimwandikishe CNED, masomo ya masafa ya Ufaransa. Binti anapenda hesabu na anasema atakuwa mhandisi. Ninyi mnachagua kwa kigezo gani, na je, mtu anaweza kuchanganya programu mbili bila kumvuruga mtoto?

Mwalimu wa hisabati, Katuba

Mama, pole kwa kuuguza, na umpe binti salamu zangu. Kabla ya kitabu, jibu kwanza swali hili: mwishoni atafanya mtihani gani? Kama mnataka Diploma ya Taifa, yeye ataingia Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza humanite, kama otodidakti, yaani mtu aliyejisomea, na watahiniwa wa namna hiyo hupita kwanza mtihani wa awali kabla ya kuungana na wenzao wa shuleni. Nenda mapema kwenye ofisi ya ukaguzi ya mkoa ukaulize masharti na hati zinazotakiwa, na bulletini zake, yaani ripoti za alama, za mwaka wa 7 na wa 8 uzihifadhi vizuri.

Mkishaamua mtihani, chagueni seksheni, yaani mkondo wa masomo. Hisabati ya ualimu au ya biashara si hisabati ya sayansi, na mtoto anayetamani Kitivo cha Politekniki cha UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anapaswa kufuata ile ya sayansi tangu mwaka wa kwanza wa humanite, kwa sababu miaka miwili ya mwisho ina limiti, derive, integrali, logarithimu na namba changamano, mambo yasiyoshikika kwa miezi michache ya kukesha.

Jambo jingine ni sura ya mtihani wenyewe. Katika siku nne za kikao cha kawaida cha Exetat maswali ni ya kuchagua jibu, kwa Kifaransa, na hakuna anayesoma hatua za hesabu yako. Baadhi ya wenzangu kwa hiyo huwafundisha watoto ujanja wa kurudisha majibu ndani ya swali. Ukimpa mtoto wa aina hiyo x² − 5x + 6 = 0, atajaribu 2, atajaribu 3, na atapata bila kujua chochote. Mwulize sasa m iwe ngapi ili x² − 5x + m = 0 iwe na mizizi miwili iliyo sawa, na kalamu itasimama, kwa sababu hapo lazima ajue kwamba diskriminanti, 25 − 4m, inapaswa kuwa sifuri, ndipo apate 25/4. Kwa maoni yangu, binti asiguse maswali ya kuchagua hadi mwaka wa tatu. Kabla ya hapo aandike kila hatua kwa mkono.

Baba wa watatu, Golf

Mimi ni miongoni mwa hao wanaotumia kozi ya Kimarekani, na siitetei kwa kila kitu. Uzuri wake ni kwamba imeandikwa kwa mtoto anayejisomea: maelezo ni marefu, mifano ni mingi, na majibu yapo, ilhali vitabu vyetu vingi viliandikwa vikitegemea mwalimu aliye ubaoni. Kwa mtoto anayelazwa na kurudi, hilo si dogo.

Ugumu uko kwenye mpangilio. Kule kwa kawaida mwaka mmoja ni wa aljebra, unaofuata ni wa jiometri, kisha aljebra ya pili, halafu maandalizi ya kalkulasi, wakati programu yetu hupeleka aljebra, jiometri na takwimu pamoja kila mwaka. Ukihama katikati, mtoto anaweza kuwa hodari wa milinganyo na hajawahi kuthibitisha chochote kuhusu pembetatu. Anayeanza njia ile aimalize, au asiianze.

Kisha kuna alama. Wao huandika 3.5, sisi 3,5. Kipande cha namba kilicho wazi kati ya 2 na 5, yaani bila ncha zake, wao huandika (2, 5), na mtoto aliyezoea ]2, 5[ hudhani ni nukta kwenye grafu. Tanjenti kwao ni tan, kwenye vitabu vyetu vingi ni tg. Vipimo ni futi na pauni. Wanangu wana ukurasa nyuma ya daftari wenye safu mbili, alama ya kule na alama ya hapa, na bado mkubwa hunichanganyia.

Dada mhandisi, Ruashi

Mama, kuhusu vitabu vya Ndola nitasema kifupi: ni vizuri, lakini vinaelekea mtihani wa Zambia, kwa Kiingereza, na kama hana nia ya kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kusoma huko, vibaki kuwa vya mazoezi.

CNED ni taasisi ya serikali ya Ufaransa, ya tangu 1939, na masomo yake yamepangwa vizuri, ila ada ni ya euro na lengo ni bakalorea, mtihani wa Ufaransa wa kumaliza sekondari. Mkipenda kununua tu vitabu vya Kifaransa, tazameni mwaka wa kuchapishwa. Mageuzi ya 2019 kule Ufaransa yaliiondoa hisabati katika masomo ya lazima ya miaka miwili ya mwisho, ikabaki somo la uteuzi. Mwaka 2023 wakairudisha, saa moja na nusu kwa wiki, kwa walio mwaka wa kabla ya mwisho wasioichagua. Kwa hiyo vitabu viwili vya darasa lile lile vinaweza kuwa na uzito tofauti kabisa. Kwa mhandisi mtarajiwa, chukueni kile cha somo la uteuzi.

Ninachopendekeza ni programu ya taifa iwe ndiyo orodha ya mada, na maelezo yatoke kwenye video za Khan Academy, masomo ya bure ya mtandaoni, kwa Kifaransa, kupitia Kolibri. Kolibri ni programu ya kompyuta ya bure, inayowekwa mara moja. Baadaye simu na tableti za nyumbani huungana nayo bila intaneti. Betri ikiwa na chaji, hata umeme ukikatika anaendelea, na akiwa kitandani hospitalini anaweza kubeba kompyuta yenyewe.

Mwalimu wa hisabati, Katuba

Nakubaliana na dada, isipokuwa jambo moja: video zisitangulie. Kwanza mpime, mama, kabla ya kununua chochote. Mpe 2/3 − 5/8, mpe 3(x − 2) = x + 7, mwambie achore y = 2x − 1, kisha umwombe akueleze kwa mdomo alichofanya. Mtoto aliyekosa masomo kwa ajili ya ugonjwa mara nyingi ana mashimo ya mwaka wa 7, na hakuna kozi ya humanite inayorudi huko kuyaziba.

Mama wa Bel-Air

Asanteni sana. Nimempima jana jioni. Mlinganyo ameupata, 13/2, na mchoro hauna kasoro. Kwenye hesabu ya sehemu, 2/3 − 5/8, ametoa juu kwa juu na chini kwa chini. Tumeamua Exetat, seksheni ya sayansi, na Kolibri ataiweka kaka yake. Swali la mwisho, Mwalimu: anapotoka hospitalini, aendelee alipoachia au arudi nyuma?

Mwalimu wa hisabati, Katuba

Siku ya kwanza afanye mazoezi matano ya mada iliyotangulia. Akipata manne, aendelee alipoachia; akipata pungufu, arudie mada hiyo tu, si sura nzima. Na hesabu za sehemu zianze wiki hii, maana hesabu zenye herufi kwenye vigawanyo zinakuja mwaka huu huu.