Naomba ushauri: hii ndege ni Caribou au Buffalo?

Habari zenu wakuu, nipo Mtwara naomba msaada kwa mnaojua ndege za zamani za jeshi letu. Mjomba kaniachia picha nyeusi na nyeupe, askari wamesimama chini ya ndege ya mizigo ya injini mbili, bawa liko juu linashuka mpaka kwenye injini halafu linanyooka, ila picha imechanika upande wa mkia na nyuma hakuna mwaka. Najua Wakanada walianza kusaidia kikosi chetu cha anga 1965 baada ya Wajerumani Magharibi kuondoka, wakaja na Otter na Caribou, Buffalo zikaja baadaye. Nimehesabu mapanga ya propela ni matatu, kumbe zote mbili zina matatu! Buffalo mkia wake ni umbo la T, sasa hapo hapo ndo pamechanika jamani. Injini naiona nene, ya duara kwa mbele, moyo unaniambia Caribou lakini sitaki kukisia maana nataka niandike maelezo nyuma wajukuu zake waje wasome.

Je, umbo la injini peke yake linatosha kuzitofautisha? Na kwa sare za hao askari naweza kujua ni miaka gani?