Mwanamume aliyehamia kwa wakwe: kwa nini tunasema "ameolewa"?

MwanaTandahimba (swali)

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Nina swali ambalo limenikaa moyoni tangu msimu wa korosho uliopita, na ningependa kusikia maoni ya wale wanaozijua mila zetu za Kusini pamoja na wale wanaoijua lugha.

Mdogo wangu ameoa kijiji cha jirani huku Tandahimba, na baada ya ndoa akahamia kwa wakwe zake, akajenga huko, na sasa analima shamba la upande wa mkewe. Vijana wenzake wanamwambia hadharani kwamba "ameolewa". Neno hilo linamuumiza kiasi kwamba ameanza kukwepa kijiwe cha kahawa, na ninahofia kwamba siku moja atavunja nyumba yake kwa sababu ya maneno ya barazani.

Kejeli za vijana zipo kila mahali na sishangai kuzisikia, ila nashangaa kuisikia kejeli hii hapa kwetu. Babu yetu mzaa mama alihamia kwa bibi na hakuna aliyemcheka. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ambao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mume kuhamia kwa mkewe ndiyo iliyokuwa desturi. Iweje basi jambo ambalo babu zetu walilifanya kwa heshima liwe tusi kwa wajukuu wao? Je, tatizo ni Kiswahili chenyewe, au ni sisi tuliobadilika?

Mwalimu_Masasi

Ndugu MwanaTandahimba, nitaanza na lugha. Katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na mzazi huozesha. Kitenzi ni kimoja, lakini watu watatu wamepewa nafasi tatu zisizolingana: mmoja anatenda, mwingine anatendwa, na wa tatu ana mamlaka ya kutoa idhini. Kwa hiyo anayesema kwamba mwanamume fulani "ameolewa" hazungumzii kuhama kwake tu, bali anamwondoa kwenye nafasi ya mtenda na kumweka katika nafasi ambayo jamii imemtengea mwanamke. Uchungu wa neno unatoka hapo, kwa kuwa kama nafasi ya mwanamke isingehesabiwa kuwa ya chini, kumpeleka mwanamume huko kusingekuwa tusi hata kidogo.

Hata hivyo tusiibebeshe sarufi mzigo wote. Kiswahili hicho hicho hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye", na kinatupa "kuoana" na "kufunga ndoa", maneno yanayowaweka wawili hao sawa. Njia zote zipo wazi, na sisi ndio tunaochagua. Tunapomsifia kijana kwamba "amepata jiko", au washenga wanapofika na kusema kwamba wameona ua katika nyumba hii, tunachagua pia, ingawa mara nyingi hatufikiri.

Niongeze la shuleni. Katika orodha ya darasa mtoto huandikwa kwa jina lake, la baba na la babu, na hilo hatulishangai. Lakini mtoto anaporudishwa nyumbani amlete mzazi, katika vijiji vya wilaya yetu si ajabu kumwona mjomba wake, kaka wa mama, akifika na kuketi mbele ya mwalimu kwa mamlaka yote. Maandishi yanafuata ukoo wa baba wakati maisha bado yanafuata ukoo wa mama, na watoto wetu wanakulia katikati ya hayo mawili.

Bibi_wa_Mikindani

Marahaba, mwanangu. Mimi ni mzaliwa wa Mikindani, na mama yangu alikuwa Mmakonde wa Newala. Katika posa nilizozishuhudia nikiwa msichana, aliyekuwa akisemeshwa kwanza na washenga ni mjomba wa binti, huku baba mzazi akiwa ameketi pembeni anasikiliza. Kijana akikubaliwa alikuja kulima kwa wakwe, na wazee walimtazama: anashikaje jembe, anaamka saa ngapi, anamjibuje mama mkwe. Hakuna aliyesema kwamba ameolewa. Ilisemwa "fulani ameoa kwa fulani", na msikilizaji alielewa yote, yaani nani ameoa na anaishi wapi.

Ila msiipambe mila kupita kiasi. Mume aliyehamia alikuwa mgeni kwa miaka mingi, na wakwe wakimchoka alikunja jamvi lake akaondoka huku watoto wakibaki, kwa sababu watoto walikuwa wa ukoo wa mama yao. Wala msidhani kwamba mwanamke ndiye aliyekuwa mtawala. Neno la mwisho lilikuwa la kaka yake. Wayao wana neno "mbumba", yaani kundi la akina dada na watoto wao walio chini ya uangalizi wa kaka mmoja, na huyo kaka huheshimiwa kwa wingi wa watu anaowaangalia. Ukoo ulipita kwa wanawake, lakini kauli ya ukoo ilikuwa mdomoni mwa mwanamume. Ninalisema hili kwa sababu kila ninaposikia watu wakisema kwamba Kusini wanawake walitawala wanaume, najua kwamba msemaji hajawahi kuketi katika shauri la ukoo akasubiri ajue nani ataruhusiwa kusema.

Tena, mwanangu, umemtaja mdogo wako lakini hukumtaja mkewe. Neno hilo na yeye linamfika. Mume akiambiwa ameolewa, mke ameambiwa kwamba ameoa, na hiyo kwa mwanamke wa kijijini ni shutuma nzito kwamba amevuka mpaka na hana adabu. Ukizungumza na mdogo wako, zungumza na wote wawili.

Mkulima_Nachingwea

Bibi yetu amesema kweli, nami nataka kujibu lile la "tumebadilikaje", kwa sababu naliona shambani. Mtama, muhogo na mahindi humalizika msimu wake ukipita. Mwanamume angeweza kulima shamba la ukoo wa mkewe miaka kumi, na siku akiondoka hakuacha kitu cha kugombaniwa. Mkorosho ni jambo jingine kabisa. Ukiupanda unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, kisha unaendelea kuzaa kwa miongo. Kilimo hicho kilikua sana huku Kusini, na mwaka 1973 korosho za Tanzania zilifika takribani tani 145,000. Hapo ndipo swali la "miti ya nani?" lilipokuwa kubwa kuliko swali la "umeoa kwa nani?".

Mwanamume akafikiri hivi: nikipanda kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu, nikifa au tukiachana, jasho langu nimeliacha kwa wenyewe. Nikipanda kwetu, wapwa zangu watadai, maana kwa mila wao ndio warithi wangu. Akatamani awe na shamba lake mwenyewe na awarithishe watoto aliowazaa. Dini zetu na sheria zikamuunga mkono. Uislamu huhesabu nasaba kwa baba, nayo Sheria za Mila zilizotangazwa mwaka 1963 ziliandikwa kwa kufuata jamii zinazohesabu ukoo kwa baba. Vijiji vya ujamaa vikaja kutuhamisha kutoka kwenye mashamba ya koo na kutuchanganya. Tangu hapo mwanamume asiye na shamba kwao akaanza kuonekana kama mtu asiye na kitu, na neno la kumchoma likapatikana.

Nenda ghalani siku ya kupima korosho utayasikia haya waziwazi. Mama ameleta magunia, ameyaokota yeye na kuyaanika yeye, na shamba ni la mama yake mzazi. Karani anauliza, "Ya nani hii?" Anajibu bila kusita, "Ya Baba Salima." Nimesimama kwenye foleni hiyo misimu mingi na jibu ni hilo hilo. Mume akiwa na ardhi, mali ni yake. Mume akiwa hana ardhi, mali bado inatajwa kwa jina lake, lakini akigeuka wanamcheka kwamba ameolewa. Mwanamke hatajwi kwa lolote, na hilo ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu nina mabinti.

Mkazi_wa_Shangani

Naomba kuongeza kipengele cha hali ya maisha, maana naona hatujakigusa. Hapa Mtwara mjini mtumishi mwenye gari akiishi kwenye nyumba ya mkwewe, watu husema kwamba "anakaa kwa wakwe kwa muda, anajenga". Muda huo unaweza kufika miaka saba na hakuna anayeuliza. Dereva wa bodaboda akifanya jambo hilo hilo, mwezi wa pili tu ameshaolewa. Mke akimzidi kipato, huambiwa "analelewa" au huitwa "marioo". Tendo ni moja, majina ni tofauti, na kinachotenganisha ni mfuko. Kwa hiyo kijana anayemcheka mwenzake anadhani anatetea uanaume au mila, kumbe anamhukumu kwa umaskini wake, na mara nyingi mwenye kucheka ni maskini vilevile.

Kuhusu mali, tusiishie kwenye maneno. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke kwa pamoja. Wenye hati ya namna hiyo wana jibu la kumpa karani wa ghalani.

MwanaTandahimba

Nawashukuru nyote, na Bibi, umenifungua macho kuhusu shemeji yangu; nitakwenda kuwaona wote wawili Ijumaa hii. Nitaanza pia kusema "ameoa kwa fulani", kwa kuwa ni maneno ya wazee wetu na yanaeleza jambo lenyewe bila kumdharau mtu. Kaka Mkulima, naomba unisaidie jambo moja. Mdogo wangu amekwisha kupanda mikorosho michanga kwenye shamba ambalo bado linatajwa kuwa la ukoo wa mkewe, na mjomba wa mke ndiye msemaji wake. Kwenu Nachingwea, katika hali kama hiyo, mnaanza kwa kuketi na mjomba mpaka akubali ndipo mwende kwa serikali ya kijiji, au mnaandikisha kwanza kijijini halafu ukoo unaarifiwa?