Ngazi ya Bwawa Inang'ata

Kikundi: NYUMBANI KWETU

Ijumaa usiku

Baba: Habari za jioni wanangu. Taa ya bwawa imezimika tena. Ni glopu ya pili tangu mwaka uanze. Nimechoka kubadilisha, safari hii naweka LED. Nani anajua nichukue ya aina gani?

Kaka: Shikamoo Baba. Hiyo iliyopo ni wati 300. LED ya wati 30 hivi itakupa mwanga unaokaribiana. Tukiwasha kwa muda wa saa tatu kila usiku, kwa mwezi tunatoka uniti 27 tunaingia chini ya 3.

Dada: Tuchukue zile za rangi jamani! Zinabadilika kwa rimoti, buluu, zambarau, kijani.

Baba: Marahaba. Rangi tutaona. Wasiwasi wangu ni maji. Nikimwaga bwawa zima kwa ajili ya taa moja, nitalijaza lini?

Mjomba: Shemeji usimwage hata ndoo moja. Taa ya bwawa ina skrubu moja kwa juu, pale penye saa sita kama ingekuwa saa ya ukutani. Ukiilegeza, taa inatoka kwenye tundu lake, na nyuma yake kuna waya umezungushwa, mrefu wa kutosha kuifikisha taa ukingoni. Unaifungulia juu, pakavu. Lile tundu lina maji siku zote, ndivyo lilivyokusudiwa.

Mimi: Kwa hiyo maji yako nyuma ya taa muda wote?

Mjomba: Nyuma ya taa, ndiyo. Ndani ya taa, hapana. Kinachozuia ni raba moja ya duara tu.

Mjomba: Shemeji, kabla hujanunua kitu nipigie picha ya transfoma ya hiyo taa, kile kifaa cha kushusha umeme wa nyumba. Mara nyingi inakaa chumba cha pampu, kisanduku kizito kimeandikwa 12V.

Baba: (picha)

Baba: Naona breka ya pampu, breka ya taa, na saa ya kuwashia pampu. Kisanduku kizito sikioni.

Mjomba: Fuata waya wa taa. Unaingia wapi?

Baba: Unatoka kwenye breka, unaingia moja kwa moja kwenye paipu ya kwenda bwawani.

Mjomba: Glopu iliyoungua mara ya kwanza umeitupa?

Baba: Ipo. Imeandikwa 230V 300W.

Mama: Kaka, mbona maswali mengi? Maana na mimi nina neno. Juzi mjukuu alitoka majini analia, anasema ngazi inamng'ata. Nikadhani chuma kimechongoka. Nimeipapasa yote sikuona kitu.

Mjomba: Dada, uliipapasa ukiwa pakavu?

Mama: Pakavu, na viatu miguuni.

Mjomba: Na taa ilikuwa inawaka?

Mama: Ilikuwa inawaka, giza lilishaingia.

Mjomba: SHEMEJI ZIMA BREKA YA TAA NA YA PAMPU SASA HIVI. Asiingie mtu majini, hata kuchovya mguu.

Baba: Nimezima zote mbili.

Dada: Mjomba unanitisha. Huyo ni mwanangu.

Mjomba: Najua mama. Sikia. Ngazi haing'ati, ule ni umeme. Dada alikuwa na viatu, asingeusikia. Mtoto alikuwa amelowa mwili mzima. Umeme ukiwa majini hata ukiwa mdogo unakaza misuli, mtu anashindwa kupiga mikono, anashindwa hata kuita, anazama kimya kimya. Mtu akisikia ganzi au vichomi akiwa majini, arudi alikotokea, atoke bila kushika ngazi wala chuma chochote. Na ukimwona amekwama usimrukie. Zima umeme kwanza, kisha mrushie boya.

Mimi: Mbona breka haikukata?

Mjomba: Breka ya kawaida inalinda waya usiungue. Inasubiri ampea 10, 16. Binadamu anakufa kwa umeme ambao haufiki hata ampea moja. Ndiyo maana bwawa linatakiwa liwe na ile ya kukata umeme unapovuja. Inalinganisha unaokwenda na unaorudi, tofauti ikifika miliampea 30 inakata papo hapo. Shemeji, haikuwepo?

Baba: Ilikuwepo.

Baba: Ilikuwa inakata kila tukiwasha taa, baada ya dakika tano, kumi. Fundi akasema imezeeka, inatusumbua bure, akaniuliza aitoe. Nikamwambia itoe.

Mjomba: Haikuzeeka Shemeji. Hizo dakika ni muda wa glopu kupata moto. Maji yaliyoingia ndani ya taa yanageuka mvuke, mvuke unatua pale glopu inaposhikana na waya, umeme unapata njia. Ilikuwa inawaambieni.

Baba: Nimekuelewa. Niko hapa ukingoni nayaangalia haya maji, siwezi hata kuinuka.

Mama: Mtoto mzima, amelala. Tushukuru Mungu. Kaka, kesho uje.

Mjomba: Asubuhi na mapema.

Jumamosi

Mimi: Tumeitoa. Skrubu imeliwa na klorini mpaka kichwa kimebaki duara, Mjomba ameizungusha kidogo kidogo kwa koleo. Alipoinamisha taa yakatoka maji ya kutu, rangi ya chai, yangejaza kikombe. Ile raba imekuwa ngumu kama plastiki. Ameikunja kwa vidole ikakatika vipande viwili. (picha)

Mjomba: Aliyebadilisha glopu mara ya mwisho alirudisha raba ile ile. Ukifungua taa ya bwawa, raba inayorudi ni mpya, kila mara, hata kama ya zamani inaonekana nzima.

Kaka: Sasa si tununue glopu ya LED ya 230 hiyo hiyo, tuweke raba mpya, tumalize?

Mjomba: Hapana, na kwa hili sirudi nyuma. Raba mpya nayo itazeeka. Siku itakapovuja nataka kilicho ndani kiwe volti 12. Kanuni ya kimataifa ya umeme wa mabwawa, IEC 60364-7-702, inaweka maji yenyewe katika kanda 0, na humo ukomo ni volti 12 za AC (umeme wa aina ya nyumbani) au 30 za DC (wa aina ya betri), kutoka kwenye transfoma ya usalama iliyotengwa kabisa na umeme wa nyumba. Transfoma yenyewe ikae nje ya kanda zote, yaani mita 3.5 kutoka ukingoni au zaidi.

Mjomba: Na LED imerahisisha. Wati 300 kwa volti 12 ni ampea 25, ungehitaji waya mnene kweli. Wati 30 ni ampea 2.5 tu. Tunabadilisha taa nzima pamoja na waya wake. Ikishakuwa LED ndani ya mwili wake uliozibwa kiwandani hakuna glopu ya kubadilisha tena, hakuna kufungua.

Kaka: Transfoma ninayo, niliwahi kununua ya taa za halojeni za darini. Naileta.

Mjomba: Lete tuijaribu. Ila sina imani nayo.

Jumapili

Mimi: Tumeweka LED kwenye ndoo ya maji, tukaiunga na transfoma ya Kaka. Inapepesa kama taa ya polisi.

Mjomba: Ile ni ya elektroniki, inataka mzigo mkubwa ndipo itulie. LED ya wati 30 haitoshi kuiamsha. Aliyeitengeneza taa ameandika kwenye karatasi yake: 12V AC, transfoma ya koili. Nimeunga ya koili, imetulia. Nimeiacha ndooni usiku kucha, kesho nikiona hata ukungu ndani ya kioo inarudi dukani.

Dada: Mjomba, ni ya rangi?

Mjomba: Nyeupe. Nilifikiria, nikakataa rangi. Buluu na zambarau zinapendeza ukiwa umekaa kitini, lakini mtoto aliyevaa nguo ya buluu akiwa chini humwoni. Usiku taa ya bwawa kazi yake ya kwanza ni kukuonyesha sakafu.

Dada: Sawa Mjomba. Nyeupe.

Mama: Isiwe ile ya manjano. Ile ya zamani ilifanya maji yaonekane ya kijani hata yakiwa safi.

Mjomba: Ni nyeupe baridi Dada, maji yataonekana kama maji.

Jumatatu

Mimi: Hakuna ukungu. Waya wa zamani tumeufunga kamba mwisho wake, Baba anavuta chumba cha pampu, mimi nalisha huku. Ulipotoka wote kamba ikabaki ndani ya paipu, tukaivuta kurudi na waya mpya. Hakuna kiungo chochote chini ya maji, kiungo kiko kwenye kisanduku juu ya usawa wa maji.

Baba: Na ile ya kukata umeme nimeifunga mpya kwa mkono wangu, Mjomba amesimama nyuma yangu. Tumebonyeza kitufe cha kujaribia, imekata. Nitakuwa nabonyeza kila mwezi.

Mjomba: Lililobaki ni ngazi. Nimefukua pembeni, waya wa shaba wa kuiunga na mwili wa pampu ulikuwa umekatika kwa kutu. Nimeweka mwingine. Ngazi, reli na pampu sasa ni kitu kimoja, hakuna chuma kitakachokuwa na umeme tofauti na chenzake. Nimepima kati ya ngazi na maji, taa na pampu zote zinawaka: sufuri.

Jumanne jioni

Dada: Amekataa kuingia. Amekaa ngazi ya juu ya nyumba anaangalia tu.

Mama: Mwache. Babu yake ameingia mwenyewe, amesimama majini ameshika ngazi kwa mikono miwili. Robo saa sasa.

Mama: Ameshuka.

Mama: Ameigusa kwa kidole kimoja. Ameniambia, "Bibi, imelala."