Vyuo vikuu vinavyochukua karo ya wanafunzi wa uuguzi bila indeksi, mtakoma lini?

Wadau, nimetoka zamu ya usiku hapa Kisumu na usingizi hauji kwa hasira.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Jana usiku nilipewa mwanafunzi wa digrii, mwaka wa tatu. Nikamwambia asikilize mapigo ya mtoto tumboni. Hakupapasa tumbo kwanza kujua kichwa kiko wapi. Akachukua fetoskopu, akaiweka juu ya kitovu, akainama kitambo, kisha akasema kwa sauti, "Sista, sisikii kitu." Mama wa watu akaanza kulia akidhani mtoto amekufa! Nikapapasa, kichwa kiko chini. Nikaweka fetoskopu chini ya kitovu, upande wa kushoto: mapigo 140, safi kabisa. Kumtuliza yule mama kulinichukua karibu nusu saa.

Simlaumu binti. Nilimuuliza chuoni alifanya mara ngapi. "Hata mara moja, Sista. Tuko 80, manikini, yule mwanasesere wa kufanyia mazoezi, ni mmoja. Mimi nilikuwa nyuma." Na mwalimu wa kuwasimamia wodini hajaonekana tangu walipoletwa.

Nikamuuliza nambari yake ya indeksi. Hana. Darasa zima hawana! Miaka mitatu wanalipa karo, wakiuliza wanajibiwa "inashughulikiwa".

Kwa wasiojua, indeksi ni kusajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya ukiwa bado mwanafunzi. Bila hiyo hufanyi mtihani wa leseni, na bila leseni huruhusiwi kumhudumia mgonjwa hata ukiwa na digrii ya miaka minne.

Chuo kinajitetea kwamba Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu imeidhinisha kozi. Najua, sheria iliyorekebishwa 2016 iliipa Tume mamlaka hayo, na mabaraza ya taaluma yamevutana nayo sana. Lakini leseni inatoka kwa Baraza, na chuo kinalijua hilo siku kinapotangaza kozi. Kinanyamaza, kinapokea pesa. Karo ya huyu binti inatokana na omena anazoanika mamake.

Mwenye mtoto anayetaka kuanza uuguzi, usitoe hata shilingi kabla ya kuona jina la chuo kwenye orodha ya Baraza. Orodha iko kwenye tovuti yao. Na nyinyi mnaosoma bila indeksi, andikeni hapa mko mwaka wa ngapi na mko wangapi darasani. Nataka tupeleke barua moja kwa Baraza kabla muhula haujaisha.