Tupeane uzoefu: kutembea kando ya mifereji ya Amsterdam na nyumba zake kongwe

Msafiri wa Tanga

Wanajamvi, salaam. Wengi wetu tunaoishi Ulaya, na hata wanaopita Schiphol wakisubiri ndege ya kurudi nyumbani, tumewahi kushuka katikati ya Amsterdam kwa saa chache na kutembea kando ya mifereji. Humu jamvini, hata hivyo, naona picha nyingi na maelezo machache. Naomba tupeane uzoefu: ulipita mfereji gani, ni nyumba ipi iliyokusimamisha, na kwa nini?

Nianze mimi. Mimi hupenda kuanzia Brouwersgracht, mfereji wa watengeneza bia, kwa kuwa maghala yake ya zamani bado yanaonekana kuwa maghala ingawa siku hizi watu wanaishi ndani. Katikati ya kila ukuta kuna milango mikubwa ya mbao, mmoja juu ya mwingine hadi darini, na juu kabisa imechomoza boriti yenye kulabu. Kutoka hapo mifereji mitatu mikuu, yaani Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht, inashuka sambamba na kuuzunguka mji wa kale. Kazi ya kuichimba ilianza mwaka 1613, mji ulipokuwa umefurika wahamiaji pamoja na fedha za biashara, na mwaka 2010 UNESCO iliutia ukanda huo wote katika orodha ya Urithi wa Dunia. Upana wa mbele ndio uliokuwa na thamani, kwa sababu kila mfanyabiashara alitaka kuyafikia maji, na ndiyo maana nyumba ni nyembamba kwa mbele lakini zinakwenda nyuma mbali sana.

Kulabu zile nilidhani zimebaki kama pambo tu, mpaka nilipokuta watu wakihamia nyumba moja ya Prinsengracht. Walikuwa wamening'iniza kapi kwenye kulabu, vijana wawili wakivuta kamba kutoka barabarani, na wa tatu ameshika kamba ya pembeni ili kochi lisigonge ukuta. Dirisha la ghorofa ya tatu lilikuwa limeng'olewa pamoja na fremu yake, na mwenye kochi alikuwa amenyoosha mikono kulipokea. Ngazi za ndani ya nyumba hizi ni nyembamba na zimesimama mno kiasi kwamba kabati la kawaida haliwezi kupita, kwa hiyo boriti ya mwaka elfu moja mia sita na kitu bado inafanya kazi yake.

Fundi Mwashi

Ahsante, Ndugu Msafiri. Mimi ni mwashi, nilianzia kazi Mombasa na sasa nakarabati majengo huku Uholanzi, kwa hiyo nitasema juu ya kile ambacho mtembeaji hakioni. Ardhi ya Amsterdam ni mboji na tope. Waliojenga nyumba hizi walipigilia chini nguzo za msonobari, nyingi zikiwa zimeletwa na meli kutoka nchi za kaskazini, mpaka zikafika kwenye tabaka la mchanga lililo takriban mita 12 chini, na juu ya vichwa vya nguzo hizo ndipo walipoanza kupanga matofali. Jumba la Kifalme lililoko uwanja wa Dam peke yake limekaa juu ya nguzo 13,659, na mtoto yeyote wa shule wa huko atakutajia idadi hiyo.

Mbao hizo hazitishwi na maji. Adui yake ni hewa. Zikiwa zimezama hudumu karne kwa karne, bali maji ya ardhini yakishuka na vichwa vya nguzo vikaachwa wazi, kuvu huingia na uozo huanza. Kwa sababu hiyo kimo cha maji ya mfereji kinalindwa kwa makini kuliko mgeni anavyodhani.

Ningependa pia mkitembea mtofautishe nyumba zilizoinama. Iliyoinamia mbele, kuelekea mfereji, mara nyingi ilijengwa hivyo kwa makusudi ili mzigo unaovutwa juu usikwaruze ukuta wala kuvunja vioo. Iliyoinamia ubavuni ikamwegemea jirani ni habari nyingine kabisa: hiyo nguzo zake zimeshindwa. Watalii hupiga picha zote mbili wakicheka kwa furaha ileile, na mimi ya pili hunitia baridi. Kuta za mifereji zenyewe nazo zimechoka, maana zilijengwa kwa uzito wa mikokoteni na sasa zinabeba malori. Tarehe 1 Septemba 2020 sehemu ya ukuta wa Grimburgwal iliporomoka majini, na tangu hapo mtakuta mahali pengi pamewekewa vyuma vya kushikilia kuta na makatazo ya magari mazito.

Binti Wete

Mimi ni wa Pemba, na kilichonisimamisha ni karafuu. Watu wengi huishia Herengracht, lakini nendeni Kloveniersburgwal, mfereji wa zamani zaidi upande wa mashariki. Kwenye pembe yake na Oude Hoogstraat kuna jengo la matofali mekundu la mwaka 1606 lililokuwa makao ya Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India, VOC, na leo linatumiwa na Chuo Kikuu cha Amsterdam. Uani, wanafunzi huketi na kahawa zao.

Nilisimama katika ua ule nikiwaza kwamba kwa zaidi ya karne moja bei ya karafuu duniani ilikuwa mikononi mwa watu waliokuwa wakikutana humo. VOC ilizuia karafuu zisioteshwe popote isipokuwa Ambon, kisiwa cha Indonesia ya leo, na visiwa vichache vya jirani yake, na mikarafuu ya kwingineko ilikatwa kwa nguvu za silaha. Katika miaka ya 1770 Wafaransa walifanikiwa kuitorosha miche na kuipeleka Mauritius, na kutoka visiwa vyao ndipo ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na baadaye Pemba. Babu zetu walioichuma na kuianika karafuu mpaka Pemba ikaipita Unguja baada ya dhoruba ya 1872 waliipata kwa sababu ulinzi wa watu wa jengo lile ulivunjwa. Hakuna kibao kinacholisema hilo uani pale, nami sikukitarajia, lakini mtu wa kwetu akifika atajua yuko wapi.

Hatua chache kutoka hapo, namba 29, kuna Trippenhuis, kasri la ndugu wawili waliotajirika kwa kuuza silaha, lililokamilika miaka ya 1660. Inueni macho mtazame mabomba ya moshi juu ya paa: yamechongwa kwa umbo la mizinga. Ng'ambo ya mfereji, namba 26, kipo kijumba chenye upana wa mita mbili na nusu hivi. Waongozaji husimulia kwamba mtumishi wa ndugu hao alitamani nyumba japo yenye upana wa mlango wa mabwana zake, wakamjengea. Simulizi tamu, ingawa kijumba kimejengwa miongo mitatu baada ya kasri na mimi siiamini.

Mjukuu wa Bagamoyo

Dada Binti Wete amenifungulia njia. Nilipelekwa Herengracht na rafiki yangu ambaye wazazi wake walitoka Suriname, koloni la zamani la Uholanzi huko Amerika ya Kusini, na matembezi yetu yalikuwa tofauti na yale ya boti za watalii. Tulianza kwenye sehemu iitwayo Gouden Bocht, kati ya Leidsestraat na Vijzelstraat, ambako matajiri walinunua viwanja viwili viwili na kujenga nyumba pana za mawe zisizo na mapambo mengi, kwa maana aliyefikia hapo hakuwa na haja ya kujitangaza. Kisha akanipeleka namba 502, makazi rasmi ya meya wa jiji. Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1672 kwa ajili ya Paulus Godin, mmoja wa wakurugenzi wa Kampuni ya Magharibi ya India, iliyosafirisha Waafrika kwenda utumwani. Mbele yake kuna jiwe la kumbukumbu lililowekwa mwaka 2006. Ni dogo, na ukipita kwa haraka utalikosa.

Rafiki yangu alinieleza jambo ambalo sikuwahi kufundishwa shuleni: kuanzia 1683 mji wenyewe wa Amsterdam ulimiliki theluthi moja ya shirika lililoitawala Suriname. Si wafanyabiashara binafsi tu, bali mji. Meya Femke Halsema aliomba radhi kwa niaba ya jiji tarehe 1 Julai 2021, siku ambayo watu wa Suriname huadhimisha kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1863.

Nami nikamweleza lisilojulikana sana upande wake. Kati ya 1776 na 1778 meli za VOC zilifika pwani yetu ya Waswahili, Zanzibar ikiwemo, kutafuta watumwa wa kupeleka Rasi ya Tumaini Jema. Kwa hiyo tulipoendelea kutembea, yeye na mimi tulizitazama nyumba zilezile kwa jicho moja. Sisemi zisitazamwe kwa kuvutiwa. Ni nzuri, na mafundi waliozijenga walijua kazi. Nasema tu kwamba mwenye kuuliza fedha ilitoka wapi anatembea polepole zaidi na anaona mengi zaidi.

Mama Wawili

Nimewasoma nyote kwa heshima. Mimi nilikwenda na watoto, kwa hiyo uzoefu wangu ni wa chini chini kidogo. Jihadharini na baskeli: njia zao zimepakana na za miguu, huja kimya na hazisimami. Pili, nyumba ya Prinsengracht 263, ambamo familia ya Anne Frank, yule msichana Myahudi aliyeandika shajara, ilijificha dhidi ya Wanazi kuanzia Julai 1942 hadi ilipokamatwa tarehe 4 Agosti 1944, haina tiketi za mlangoni. Hununuliwa mtandaoni mapema, na tulikuta watu waliotoka mbali wakirudishwa. Sisi tulikaa nje, karibu na kanisa la Westerkerk, kengele zikagonga, na binti yangu mkubwa akaniuliza kama Anne alizisikia. Alizisikia, na aliandika kuhusu kengele hizo. Mwanangu mdogo yeye alivutiwa na mashua ambazo watu wanaishi ndani yake, hasa moja iliyokuwa na bustani ya nyanya juu ya paa na sanduku la barua gatini.

Mwalimu Mstaafu

Shikamoo kwa wakubwa, na wadogo nawapokea. Nitakuja Uholanzi kumtembelea mwanangu mwezi wa tano, Inshallah, na goti langu la kulia halipendi madaraja. Nianzie wapi ili niyaone haya bila kuumia?

Fundi Mwashi

Shikamoo, Mwalimu. Usijaribu mifereji yote kwa siku moja. Panda tramu hadi Vijzelstraat, kisha utembee Herengracht kuelekea Mto Amstel ukibaki upande wa namba shufwa, hivyo utapita mbele ya namba 502 alipopataja Mjukuu wa Bagamoyo. Ukifika Reguliersgracht simama kwenye pembe utazame madaraja yake ya matao yaliyojipanga moja nyuma ya jingine. Kuyatazama hakuhitaji kuyapanda. Mbele kidogo, namba 605, kuna nyumba ya makumbusho iitwayo Willet-Holthuysen ambako utaona vyumba vya ndani, ila hiyo iko ng'ambo, kwa hiyo daraja moja halikwepeki. Asubuhi ya siku za kazi ni bora, kabla boti za watalii hazijaanza kujaa. Kloveniersburgwal iache kwa siku ya pili.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Daraja moja nitaliweza.